Ukuta Uliokohoa

Penzi la Noh Gyutae na Tak Seonju nimelijenga mimi, Deokpal, kwa mikono yangu hii miwili, na hakuna siku hata moja niliyolitia ufa. Ukisikia mtu pale Hwapo anasema vingine, jua ana wivu na sura yangu.

Haya, sikilizeni.

Soko letu hukaa tarehe zinazoishia na tatu na zinazoishia na nane. Ilikuwa tarehe nane Oktoba, jua zuri, soko limefurika mpaka watu wanapita kwa mabega. Samaki wakavu wametundikwa kama mapazia, na kwenye kona mama mmoja anakaanga chapati za sukari na mdalasini, mafuta yanaruka, foleni haisogei. Mimi nilikuwa na chapati yangu, inaniunguza ulimi, namsindikiza kaka Gyutae kutafuta mtungi wa kuchachushia kimchi, kabichi yetu ya pilipili, wa kumpelekea mama yake. Tulikuwa ofisi moja, kwa mkandarasi anayejenga mtambo mpya wa nyuklia kule ufukoni. Yeye mkaguzi wa zege, mimi karani wa makaratasi. Alivaa koti la kazi la kijivu, vifungo vyote mpaka kooni, na viatu vinavyong'aa kiasi kwamba kuku wa sokoni walisimama kujitazama.

Kwenye duka la mitungi alikuwepo dada mmoja mwenye mabuti ya mpira ya rangi ya waridi, suruali ya maua kama ya bibi, sweta nyeusi iliyokunjwa mikono, na nywele amezibana kwa penseli.

"Naomba ule mkubwa," Gyutae akanyoosha kidole.

Dada aliinama, akaugonga ule mtungi mara tatu kwa vifundo vya vidole, akautegea sikio.

"Huu siuzi."

"Kwa nini?"

"Unakohoa."

"Mtungi?"

"Mzima huimba. Sikia." Akaugonga wa jirani, ukaimba kama kengele ya hekalu. Akarudi kwa ule mkubwa, ukatoa sauti fupi, kavu, ya mzee aliyepaliwa na supu. "Umesikia? Kikohozi."

Gyutae akachuchumaa, akauzunguka mtungi wote kwa macho, akaupapasa. "Mimi ni mkaguzi. Nakagua kuta za mtambo wa nyuklia. Huu hauna ufa hata wa unywele."

"Kumbe wewe ndiye unayekagua!" akasema dada, mikono kiunoni. "Ndiyo maana usingizi hauji. Mnakagua kwa macho?"

Ndani ya duka mama yake, Mama Seonju, alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Dada akachukua birika, akajaza maji ule mtungi. Tukasubiri. Chapati yangu haijaisha, tone moja likachomoza tumboni mwa mtungi, likateremka polepole, likadondoka juu ya kiatu kinachong'aa.

Gyutae alilitazama tone lile kama mtu aliyeitwa jina. Masikio yakamwiva.

"Ulizaliwa mwaka gani?" akauliza. Kwetu kila mwaka una mnyama wake.

"Wa farasi. Wewe?"

"Wa kondoo."

"Basi nimekuzidi mwaka. Niite dada."

"Siwezi."

"Adabu hamkufundishwa huko kwenye kuta?"

"Nikikuzoea kwa udada leo," akasema Gyutae, masikio sasa yanakaribia kuwaka, "kesho nitakuwa na kazi ngumu."

Mimi chapati ilinipalia. Mtu huyu alikuwa haongei! Miaka miwili tumekaa meza moja na maneno aliyowahi kuniambia yangeenea nyuma ya risiti. Akanunua mtungi unaoimba, akaubeba mgongoni, akaondoka bila kuacha namba ya simu. Ni mimi niliyerudi mbio kuiacha. Naomba hilo liandikwe.

Simu ilikuja kesho yake.

"Hujambo, Kondoo. Mtungi umefika salama?"

"Umefika. Mama anausifia. Anauliza aliyeuchagua ana miaka mingapi na kama ameolewa."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia anatisha."

"Vizuri. Na wewe unaogopa?"

"Sana. Jumapili una nafasi?"

Jumapili wakala tambi za kombe, na Jumapili iliyofuata tena. Ya tatu wakapanda kilima cha mnara wa taa, upepo ukimpepea Seonju skafu nyekundu usoni mwa Gyutae, naye haiondoi. Nimeyajuaje? Mimi hujua mambo.

Mwezi huohuo mitaa ya Hwapo ilichagua wakazi kumi wa kamati ya uangalizi, wale wanaoruhusiwa kuingia mtamboni, kuuliza lolote, kufungua faili lolote, na kugonga ukuta wowote. Wanavaa vizibao vya njano. Mtaa wa soko ukamchagua Seonju kwa kura zote, maana hakuna aliyewahi kuuziwa kibovu na mikono yake. Lakini mzee Cha, muuza samaki aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alimwita pembeni mbele ya watu wote, kama wazee wanavyoita pembeni.

"Binti, tunasikia unatembea na koti la kijivu."

"Mmesikia vizuri, mzee."

"Watoto wetu wanalala kilomita tatu kutoka kwenye zile kuta. Siku ukifumba macho kwa ajili ya huyo kijana, kizibao utakivulia hapahapa, kati ya samaki."

"Sawa, mzee. Nitakivua mwenyewe."

Jioni akampigia Gyutae. "Nikikuta kosa lako nitalisoma kwa sauti mbele ya kamati. Uelewe tangu sasa."

"Soma. Ila jina langu ulitamke vizuri, mpenzi."

"Nani mpenzi? Niite dada!"

Akakata simu akicheka. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Penzi zima, linaimba.

Sasa tufike tarehe ishirini na nne Novemba. Mngeniruhusu ningeiruka.

Kwetu muhuri ndio mtu mwenyewe. Kijiti cha mbao, jina lako limechongwa chini, unakichovya kwenye wino mwekundu, ta! umekubali. Na kwa kuwa wakaguzi wanashinda juu ya majukwaa huku makaratasi yakishinda mezani kwangu, kila mmoja aliniachia muhuri wake, droo ya pili. "Deokpal, nipigie ile ya jana." Nami napiga. Ofisi zote hufanya hivyo. Nilikuwa naujua wa kila mtu kwa kupapasa.

Siku hiyo Gyutae alikuwa kwao, mwendo wa saa nne kwa basi, kwenye tambiko la babu yake. Mkaguzi wa zamu alikuwa kitandani na homa. Saa tatu asubuhi msimamizi Ban akaingia na helmeti mkononi, jasho linamtoka na nje kuna barafu.

"Gyutae yuko wapi?"

"Tambikoni, bosi."

"Wa zamu?"

"Ana homa."

"Nina magari saba ya zege getini, yanazunguka. Unajua zege likikaa saa mbili linakuwa nini?"

"Jiwe, bosi."

"Na ukuta huu ukichelewa, Gyutae akirudi atapokelewa na barua ya kufukuzwa. Sasa wewe ni rafiki yake au si rafiki yake?"

Mimi ni mtu wa kusaidia watu. Nikafungua droo. Karatasi ilisema: mkaguzi alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, zege limetetemeshwa kila mahali ipasavyo, lisiache tundu ndani. Ta!

Mchana Seonju alipigiwa simu kutoka tambikoni. "Nimepiga magoti mara nyingi leo, magoti yameisha." "Mwambie babu anilindie wewe." "Nimeshamwambia. Anauliza kama unatisha kweli."

Gyutae aliporudi nilimwambia, "Kaka, juzi nilikupigia karatasi moja." "Nani alisimamia zege?" "Ban mwenyewe." Akaitazama ile droo, akalitazama dirisha. "Usirudie," akasema. Akaenda kunywa kahawa. Karatasi ikabaki kwenye faili, ukuta ukakauka, na muhuri ukabaki kwenye droo.

Nami nikarudia. Mnadhani nini?

Aprili, maua ya cheri yameanza kudondoka, kamati iliingia kukagua jengo la kinu cha nyuklia. Nyuklia yenyewe ilikuwa haijaletwa bado. Kuta tu, unene wa mtu mzima akinyoosha mkono. Walikuwa wakazi kumi, profesa mmoja na mashine yake ya kusikiliza zege, Ban, Gyutae, na mimi na mafaili mawili kwapani. Profesa aliweka mashine kwenye alama zilizochorwa na mkandarasi. Kila alama ilikuwa safi. Seonju akatoa nyundo ndogo mfukoni mwa kizibao cha njano, akaanza kugonga mahali pasipo na alama.

"Dada wa mitungi," akasema Ban kwa tabasamu pana, "hiki si chombo cha kimchi."

"Najua. Kimchi ikivuja tunafua nguo."

Aligonga hatua kwa hatua. Ukuta uliimba. Akasogea chini ya bomba kubwa, pale nondo zinapobanana. Akagonga. Akagonga tena. Akavua helmeti, akabandika sikio kwenye ukuta. Mimi niliisikia nilikosimama. Ile sauti fupi, kavu.

"Unakohoa," akasema.

Ban akacheka. Profesa hakucheka, alisogeza mashine. Wakatoboa palepale, vumbi la kijivu likamwagika, kisha drili ikaruka mbele ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Ndani palikuwa patupu. Walipoingiza rula, ikazama sentimita thelathini na nane.

Mzee Cha akasema kwa sauti ndogo, "Karatasi ya siku hii."

Nikafungua faili. Seonju akaichukua ile karatasi.

"Tarehe ishirini na nne Novemba," akasoma. "Mkaguzi alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Muhuri wa—"

Akasimama hapo. Wote wakamtazama. Nadhani angeweza kusema wino umefifia. Mzee Cha aliinua kichwa, akasubiri.

"Noh Gyutae," akasoma Seonju. Alilitamka vizuri, kila silabi mahali pake.

Saa kumi na moja jioni simu ya Gyutae ililia, na safari hii hakukuwa na kondoo wala farasi.

"Siku ile ulinipigia kutoka kwa babu yako."

"Ndiyo."

"Karatasi inasema ulikuwa ukutani. Mmoja wenu amenidanganya, wewe au karatasi."

"Karatasi."

"Nani aliupiga muhuri?"

Gyutae akaihamishia simu sikio la pili.

"Gyutae, nakuuliza mara ya pili. Hii si simu ya mapenzi. Anauliza mtaa mzima wa soko. Nani?"

"Muhuri ni wangu, Seonju. Niliuacha mahali ambapo sikupaswa kuuacha."

"Sikuuliza ni wa nani."

"Ni hilo tu ninaloweza kusema."

"Basi nitaamini nilichokisoma. Kwamba ulikuwepo, ukaona, ukafumba macho, halafu ukanidanganya na babu yako aliyekufa. Usinipigie tena."

Jioni hiyohiyo Gyutae alikuja chumbani kwangu, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. "Sitakutaja," akasema. "Utasema mwenyewe, au hutasema." Akaondoka. Angenipiga ngumi ningepona haraka zaidi.

Siku tisa zikapita. Kazini akasimamishwa. Sokoni Seonju alikuwa anauza mitungi bila kuigonga, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Nilikuwa napita dukani kwao kila siku kuwajulia hali. Upendo tu. Mama Seonju alikuwa ananitazama kwa jicho moja.

Nafahamu nilisema mwanzoni sikulitia ufa. Nilisema pia mimi hujua mambo. Chagueni mtakachoamini.

Siku ya kumi kukawa na mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa wilaya. Watu mia tatu, viti havikutosha, akina mama wa samaki wamekaa chini wakiwa na aproni zao. Seonju alivaa suti ya bluu iliyoiva, kizibao cha njano juu yake, na nywele safari hii zimefungwa kwa utepe, hakuna penseli. Alikuwa mzuri na amekonda. Mimi nilikaa safu ya tatu, na kwa bahati mbaya kiti pekee kilichobaki kilikuwa kando ya Mama Seonju.

Ban akapanda jukwaani na suti mpya. "Ndugu wakazi, tunasikitika. Ni ukuta mmoja, na kosa la mkaguzi mmoja ambaye muhuri wake upo. Tumemsimamisha. Ukuta tutaujaza. Kuta nyingine zote zina karatasi kamili na mihuri kamili. Tukubaliane tufunge suala hili leo, nyuklia iletwe Juni kama ilivyopangwa."

Watu walianza kunong'ona. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mtu mmoja, ukuta mmoja. Ilikuwa habari nyepesi, ya kurudi nayo nyumbani.

Gyutae akanyanyuka nyuma ya ukumbi. Hakuvaa koti la kijivu. Shati jeupe tu, halijapigwa pasi.

"Naomba msifunge," akasema.

"Kaa chini!" mtu akapaza sauti. "Umetudanganya!"

"Nimewadanganya kwa kunyamaza. Nitasema. Muhuri wangu ulikaa kwenye droo miaka miwili. Nilijua umepigwa siku ambayo sikuwepo, nikasema 'usirudie' nikaenda kunywa kahawa. Kwa hiyo hilo tundu ni langu." Akatoa karatasi mfukoni. "Hizi ni siku kumi na moja nilizokuwa likizo au mgonjwa. Tazameni kwenye mafaili yenu. Siku hizo mkikuta jina langu, toboeni."

Seonju alikuwa tayari anafungua faili. Ukumbi mzima ulisikia kurasa.

"Tarehe tatu Desemba," akasoma. "Muhuri upo. Tarehe kumi na saba, upo. Tarehe tisa Januari." Akafunua ukurasa. "Upo. Siku hii ulikuwa hospitali. Nilikuletea uji."

"Ulikuwa na chumvi nyingi," akasema Gyutae.

Hakuna aliyecheka. Seonju akamtazama, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. "Nani aliupiga?"

Gyutae akaitazama karatasi yake.

Basi hapo ndipo nilipoinuka. Sikusukumwa na mtu. Niliruka wima kwa mara moja, kifua mbele, huku nikitoa mlio mfupi, mlio wa dhamiri inapoamka.

"Mimi!" nikasema. "Mimi ndiye niliyepiga. Si wake tu, wa wakaguzi wanne."

"Mara ngapi?" akauliza Seonju.

"Sikumbuki."

"Basi tutajuaje kuta zipi?"

Ban alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Nikatazama mikono yangu, na jibu lilikuwa hapohapo.

"Mimi ni wa mkono wa kushoto," nikasema. "Wao wote wanne wanatumia kulia. Nikipiga mimi, jina linainama upande wa kulia, kama limelewa. Nimejaribu kulinyoosha miaka miwili, halinyooki. Tafuteni mihuri yote iliyolewa."

Mzee Cha akapanda jukwaani, akavaa miwani. Wakazi kumi wakagawana mafaili palepale mbele ya watu mia tatu. Iliwachukua saa mbili na hakuna aliyeondoka. Ishirini na sita iliyolewa. Nyuklia haikuja Juni.

Nje ya ukumbi kuna mashine ya kahawa ya vikombe vya karatasi. Gyutae alikuwa amesimama hapo anabonyeza kitufe kisichofanya kazi. Seonju akaja, akapiga mashine ngumi ubavuni, kikombe kikashuka.

"Kwa nini hukuniambia ni Deokpal?"

"Ungelazimika kumsoma kwa sauti. Ana mama mgonjwa. Nilidhani namfanyia wema."

"Yeye alidhani anakufanyia wema wewe. Ban naye sijui alidhani anamfanyia nani." Akakiweka kizibao vizuri. "Ukuta wote ule umejaa wema, Gyutae, ndiyo maana zege halikupata nafasi."

"Najua."

"Kumficha rafiki na kuficha tundu ni kazi moja."

"Najua. Ndiyo maana nimesimama leo. Nimechelewa."

"Siku kumi."

"Miezi mitano."

Hilo lilimlainisha, nadhani, kwamba Gyutae alijihesabia kosa lake vizuri kuliko yeye alivyomhesabia. Akachukua kahawa ya Gyutae, akainywa nusu.

"Umenifanya nikuchukie siku tisa."

"Uliweza?"

"Mbili. Saba nilikuwa najitahidi." Akamrudishia kikombe. "Uji ulikuwa na chumvi kweli?"

"Kama bahari."

"Na ulimaliza bakuli!"

"Nilikuwa nakupenda. Bado nina kiu."

Akampiga kifuani kwa kiganja. Akakiacha kiganja hapohapo.

Walitoboa mahali pote ishirini na sita. Matundu mawili mengine yalipatikana, na moja lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza. Kabla ya nyuklia, ndugu zangu. Kabla. Ban na mimi tulifika mahakamani. Yeye anajua alichopewa, mimi nilipewa saa mia moja na ishirini za kufagia bustani za wilaya. Gyutae alifukuzwa na mkandarasi siku ya Jumatatu, na Alhamisi mzee Cha akamwita pembeni mbele ya watu wote.

"Kamati inatafuta fundi wake yenyewe, anayejua wanavyoficha. Mshahara mdogo. Bosi wako atakuwa binti wa mitungi."

"Anatisha, mzee."

"Tunajua. Ndiyo maana tulimpigia kura."

Oktoba ilipofika wakajaza tundu la mwisho, lile kubwa. Seonju alisimama juu ya jukwaa na helmeti nyeupe, kizibao cha njano, na yale mabuti ya waridi. Gyutae kando yake na kizibao kama hicho. Mkandarasi mpya, wakaguzi wapya, na kila muhuri unaning'inia shingoni mwa mwenyewe kwa kamba, amri ya kamati. Zege linashuka bombani, mafundi wamezamisha zile fimbo za kulitetemesha, kelele kiasi cha meno kugongana.

Gyutae akamwinamia sikioni. Seonju akatikisa kichwa: sisikii. Akarudia. Sisikii! Basi Gyutae akavuta pumzi yote ya Hwapo, na sekunde ileile fundi akazima mashine.

"SITAKUITA DADA KAMWE, NATAKA KUKUITA MKE WANGU!"

Mafundi ishirini wakageuka. Mmoja akavua helmeti kwa heshima. Masikio ya Gyutae yaliwaka mpaka ungeweza kukaangia chapati.

Seonju hakumtazama. Alikuwa anatazama chini, kwenye zege.

"Kwa nini mmezima?" akawauliza mafundi. "Washeni. Kona ile bado." Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia, "Zege kwanza, Kondoo. Lenyewe halisubiri. Mimi nitasubiri."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Shika fimbo yako."

Wakalitetemesha mpaka povu la mwisho likapasuka juu. Saa nane mchana kazi ikaisha, wakashuka ngazi, na chini kabisa, mbele ya watu wote, akamvua helmeti, akampangusa tone la zege shavuni kwa kidole gumba, akasema, "Ndiyo. Sasa ni ndiyo." Harusi ni Machi.

Mimi siku hizi nabeba mitungi dukani kwa Mama Seonju. Kazi nzuri, inanyoosha mgongo. Haya yote nimeyaandika hapahapa, nyuma ya mitungi, mchana usio na wateja, ili watu wajue kwamba penzi hili lilipoyumba alipatikana mwanamume mmoja aliyesimama mbele ya watu mia tatu kwa ujasiri wake mwenyewe, bila kuombwa, bila—

"Deokpal."

"Naam, mama."

Sikujua amesimama nyuma yangu. Ana miwani puani, na midomo yake inasogea anaposoma.

"Hapo uliposema ulisimama mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Dhamiri."

"Mtu anayekuja dukani kwangu mara tatu kwa siku, siku tisa, kuniuliza 'Seonju amesemaje kuhusu muhuri,' nilimjua siku ya pili. Nikakuwekea kiti." Akavuta pini ndefu kutoka kwenye kifundo cha nywele zake, akaishika mbele ya macho yangu. "Sasa waambie wasomaji wako hii iliingia kwenye paja la nani."

Wateja wawili wameingia dukani na wanasikiliza. Mmoja wao ni mzee Cha.